Isa wa Madrasa, Yesu wa Darasani

*Watoto wa Kiislamu wa Meru na Embu husoma habari za nabii mmoja mara mbili, shuleni na msikitini. Nani huwaeleza habari hizo zinakutana wapi na zinaachana wapi?*

MWANAFUNZI wa Kiislamu wa kidato cha pili mjini Meru anafungua Injili ya Luka, sura ya kwanza, kama silabasi ya somo la CRE, yaani elimu ya dini ya Kikristo, inavyomtaka. Malaika Gabrieli ametumwa kwa msichana bikira wa Nazareti, kumpasha habari kwamba atapata mimba bila kuguswa na mwanamume. Mwalimu anauliza ni nani aliyewahi kuisikia habari hiyo. Mikono inapanda, na wake umo.

Ameisikia kweli. Jumamosi katika madrasa aliisoma kwa Kiarabu akaelezwa kwa Kiswahili: Jibrili, Maryam, mimba isiyo na baba. Hadi hapo ustadhi na mwalimu wa CRE wanasema mamoja.

Baadaye darasa linafika kwenye mateso, kifo na ufufuo. Zoezi linataka mambo matano yaliyotokea Yesu alipokuwa msalabani. Madrasa imemfundisha kwamba Isa hakusulubiwa. Lakini alama tano ni alama tano, na kidato cha nne hakiko mbali. Mtoto anaandika.

Hali hii imezoeleka hivi kwamba watu wazima wameacha kuiona. Silabasi ya Kenya inatoa masomo matatu ya dini, la Kikristo, la Kiislamu na la Kihindu, na katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, yana namba zake: 313, 314 na 315. Kwenye karatasi mtoto anachagua. Shuleni, uchaguzi unategemea kama kuna mwalimu, na shule yenye wanafunzi wachache wa Kiislamu haipangiwi kwa urahisi mwalimu wa IRE, yaani elimu ya dini ya Kiislamu, wa kuwafundisha wao peke yao. Kwa hiyo wanaingia CRE pamoja na wenzao, au wanakaa maktaba wakati wa kipindi.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya Waislamu milioni 5 nchini, karibu asilimia 11 ya Wakenya. Wengi wao wako Pwani, Kaskazini Mashariki na Nairobi. Kaunti ya Meru ilikuwa na watu 1,545,714 na Embu 608,599, na katika zote mbili Waislamu ni wachache sana ndani ya umati wa Wakatoliki, Wamethodisti, Wapresbiteri, Waanglikana na Wapentekoste. Wengi wao ni ndugu wa damu wa hao Wakristo. Mjomba ni mzee wa kanisa, shangazi anaswali swala tano. Ndiyo maana swali la Isa na Yesu huku haliishii kwenye mimbari. Linafika jikoni.

Huwezi kuwa Muislamu ukamkana Isa

Wakristo wengi wa nyanda hizi hushangaa wakiambiwa kwamba kumwamini Isa ni sharti la Uislamu. Muislamu anayemkataa Isa mwana wa Maryam ametoka katika imani yake, sawasawa na anayemkataa Musa au Muhammad. Kila anapomtaja humwombea amani, na wazazi wa Kiislamu wa Meru huwaita watoto wao Isa bila kusita, kisha wakaongeza jina la babu la Kimeru.

Qurani inamtaja Isa kwa jina mara 25. Inamwita Masihi, inamwita neno la Mungu lililopelekwa kwa Maryam, na roho itokayo Kwake. Mama yake ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake katika kitabu chote. Sura ya 19 inaitwa Maryam, sura ya 3 inabeba jina la jamaa yake, na sura ya 5 imeitwa kwa ajili ya meza ya chakula iliyoteremshwa kutoka mbinguni wanafunzi wa Isa walipoomba ishara.

*Mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Qurani nzima ni Maryam, mama yake Isa.*

Habari ya kuzaliwa ndiyo inayostahili kusomwa polepole, kwa sababu hapo ndipo ukaribu na umbali wa dini hizi mbili huonekana kwa pamoja. Luka ana hori la ng'ombe, wachungaji na Bethlehemu. Qurani haina hori, na Yusufu seremala hatajwi. Maryam yuko peke yake. Amejitenga na watu wake, akaenda mahali pa mbali, na uchungu wa kuzaa umemsukuma hadi kwenye shina la mtende. Kwa maumivu na kwa hofu ya aibu anatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile na kusahaulika kabisa. Sauti inamwita kutoka chini yake: asihuzunike, kijito cha maji kimewekwa miguuni pake, alitikise shina la mtende na tende mbivu zitamdondokea. Ale, anywe, atulie.

Tende hazilimwi Meru. Huletwa kutoka mbali na kujaa madukani mwezi wa Ramadhani. Lakini wanawake wa Kiislamu waliomo humu huijua sura hii kuliko nyingi nyingine, na wajawazito wengi huisoma au husomewa siku zao zinapokaribia. Msichana asiye na mume, anayejifungua bila mkunga na akijua kijiji kitasema nini kesho, anaeleweka Runyenjes, Embu, kama anavyoeleweka Lamu.

Kisha anarudi kwa watu wake amembeba mtoto. Wanamsuta: baba yako hakuwa mtu mbaya, wala mama yako hakuwa mzinzi. Maryam amefunga nadhiri ya kutosema na mtu siku hiyo, basi anaashiria kwa mtoto. Na mtoto mchanga anasema, akiwa kitandani mwake. Anajitambulisha kuwa mja wa Mungu, aliyepewa kitabu na kufanywa nabii, aliyeusiwa swala na zaka na kumtendea wema mama yake.

Neno la kwanza la Isa katika Qurani, basi, linamtetea mama yake, na katika pumzi hiyohiyo linamweka yeye mwenyewe upande wa waja. Muislamu anaposema Isa si mwana wa Mungu, haoni kwamba anamshusha. Anaona anamsadiki kwa alichosema mwenyewe akiwa mchanga.

Miujiza ipo. Anaponya vipofu na wenye ukoma, anafufua wafu, anafinyanga ndege wa udongo, anampulizia naye anaruka. Huyo ndege hayumo katika Injili nne zinazosomwa makanisani. Katika kila muujiza Qurani inakumbusha kwamba ulitendeka kwa idhini ya Mungu. Kuhusu kuzaliwa bila baba, inamfananisha na Adamu, ambaye hakuwa na baba wala mama na bado hakuna anayemwita mwana wa Mungu kwa maana ile ya Kikristo.

Msalaba

Hapa pana mgawanyiko, na si haki kwa upande wowote kuupunguza makali.

Sura ya 4, aya ya 157, inasema waliodai kumuua Masihi hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Aya inayofuata inasema Mungu alimpaisha Kwake. Wafasiri wengi wa Kisunni wamelielewa hilo kwamba mtu mwingine alipewa sura ya Isa akasulubiwa mahali pake, ingawa hawakubaliani ni nani. Isa yu hai, atarudi. Hadithi za Mtume zinasema atashuka karibu na mnara mweupe mashariki ya Damascus, atamuua Dajali, yule masihi wa uongo, atavunja msalaba, atatawala kwa uadilifu, kisha atakufa kama binadamu wengine.

Kwa Mkristo wa Kaaga, Meru, au wa Kigari, Embu, hilo haliwezi kupita kama tofauti ndogo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri yote ni bure na imani ni bure. Ubatizo wake, meza ya Bwana, tumaini lake anapomzika mama yake, vyote vinasimama juu ya msalaba na kaburi tupu. Ukimwambia msalaba haukutokea, umeondoa nguzo ya nyumba yake na si pambo la ukutani. Mwandishi anayewaambia wasomaji kwamba Isa na Yesu ni jambo moja tu lenye majina mawili anawadhulumu wote: Mkristo anayekiri mwana wa Mungu aliyekufa na kufufuka, na Muislamu anayekiri kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa.

Na Waislamu wenyewe wamebishana juu ya aya hiyo kwa Kiswahili, katika vitabu vilivyochapwa kwetu. Tafsiri ya kwanza kamili ya Qurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923 kwa mkono wa Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana ya UMCA Zanzibar, pamoja na maelezo ya kuwasaidia wahubiri wa Kikristo. Mwaka 1953 Waahmadiya, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, walitoa yao Nairobi. Wao hufundisha kwamba Isa aliwekwa msalabani akazimia, akaponyoka, akasafiri hadi Kashmir na kuzikwa mjini Srinagar. Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa Qurani Takatifu mwaka 1969, na sehemu ya bidii yake ilikuwa kuwajibu hao. Mwanafunzi wa madrasa wa leo anasoma matunda ya ubishi huo bila kujua ulianzia wapi.

Kutoka Mbwaa hadi Majengo

Watu wa Meru walikuwa na kisa chao cha kutoka utumwani kabla ya Biblia na Qurani kufika. Wazee husimulia juu ya Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji, ambako mababu walitumikishwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu. Mabwana hao waliwatwisha mitihani isiyowezekana: ndala yenye manyoya pande zote mbili, mkuki wa kufika mbinguni, ndama wa kunya mavi meupe. Akatokea Koomenjwe, akawatoa usiku, na maji yakawapisha. Koo zikavuka kwa zamu, zikapata majina ya weusi, wekundu na weupe kwa kufuata giza, mapambazuko na mchana wa kuvuka kwao.

Bernardo Bernardi, mmisionari wa Consolata na mwanaanthropolojia, aliandika habari hizi katika kitabu chake juu ya Mugwe, kiongozi mbarikiwa wa Wameru, kilichotoka mwaka 1959. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman aliitafuta Mbwaa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Wengine wanaona simulizi ilichanganyika na kisa cha Musa baada ya misheni kuja. Ubishi huo haujaisha, na si lazima uishe ili tuone lililo wazi: mtu wa Meru anapohubiriwa nabii aliyevusha watu majini, haambiwi kitu kigeni. Musa naye ndiye nabii anayetajwa zaidi ya wote katika Qurani.

Uislamu ulipanda milima hii kwa miguu ya wafanyabiashara, wapagazi na askari. Waingereza walifungua boma la Embu mwaka 1906 na la Meru muda mfupi baadaye, na nyuma ya boma wakaja Waswahili, Wasomali, Wanubi na Wahindi wenye maduka. Wake zao wengi walitoka vijiji vya jirani. Hivyo ndivyo mitaa ya Majengo ilivyozaliwa, na hivyo ndivyo Waislamu wanaozungumza Kimeru na Kiembu walivyopatikana.

Misheni zilikuja mbiombio. Waanglikana wa CMS walikuwa Kigari, Embu, mwaka 1910. Wakatoliki wa Consolata waliingia Meru mwaka 1911. Wamethodisti walijenga Kaaga mwaka 1912, na Dakta Archibald Irvine wa Kanisa la Scotland alianza kazi Chogoria mwaka 1922. Walileta hospitali, na zaidi ya yote walileta shule. Majengo ilikuwa na msikiti na chuo cha Qurani. Haikuwa na shule ya sekondari. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma alikwenda kwa wamisionari, na wajukuu wake wako hukohuko.

*Misheni zilileta shule. Majengo ilibaki na madrasa. Mgawanyo huo wa karne moja iliyopita ndio unaoamua leo mtoto atafanya CRE au IRE.*

Kesi iliyoanzia Mahakama Kuu ya Meru

Mvutano kati ya haki ya kanisa mfadhili wa shule na haki ya mwanafunzi uliwahi kufika mbele ya majaji, na safari hiyo ilianzia mjini Meru. Mwaka 2014, katika shule ya kutwa ya sekondari ya St Paul's Kiwanjani, Isiolo, wasichana wa Kiislamu waliruhusiwa kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa la Methodisti, mfadhili wa shule, lilikwenda Mahakama Kuu ya Meru kupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba sare ni moja kwa wote, na kundi moja likiruhusiwa mavazi yake wengine watajiona wamebaguliwa.

Kanisa lilishinda Machi 2015. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi na kuwapa wasichana haki ya kuvaa. Januari 2019 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ikauondoa uamuzi wa rufaa kwa sababu dai la mzazi aliyewatetea wasichana hao halikuwasilishwa kwa utaratibu unaofaa. Kiini cha jambo, yaani mpaka wa haki ya mwanafunzi kushika dini yake katika shule ya mfadhili wa dini nyingine, mahakama hiyo haikukiamua.

Kesi ile ilihusu kitambaa. Lakini ilikuwa na uhusiano na habari zetu ambao sikuona ukizungumzwa sana: katika makanisa mengi ya Kikatoliki ya dayosisi za Meru na Embu, sanamu ya Bikira Maria imefunikwa kichwa. Msichana wa Kiislamu anayefunika nywele zake anasema anamfuata Maryam. Nilitamani hoja hiyo isikike bila wakili, kati ya mama na mama.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 27, inampa mfadhili kazi ya kulea maadili ya kiroho shuleni na hata kuweka kasisi kwa gharama yake. Kifungu hichohicho kinamtaka alinde imani ya wasio wa dhehebu lake. Katiba, ibara ya 32, inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo linalopingana na imani yake. Kanisa Katoliki lenyewe, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, lilikiri kwamba Waislamu humheshimu Yesu kama nabii ingawa hawamkubali kuwa Mungu, na humheshimu Maria mama yake. Maandiko ya kutosha yapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuyafikisha kwenye ofisi ya mwalimu mkuu.

Upande wa wafadhili nao una hoja, na ni ya kweli. Makanisa yalijenga shule hizi kwa sadaka za waumini maskini wa Meru na Embu, wakati serikali ya kikoloni ikitoa kidogo. Mzazi Mkristo anayempeleka mwanawe huko anatarajia sala ya asubuhi na ibada ya Jumapili. Kumwambia mfadhili anyamaze juu ya Yesu ili mtoto mmoja wa Kiislamu asijisikie mgeni ni kumnyima haki yake mwenyewe ya ibara ya 32. Wazazi wa Kiislamu wenye busara hawaombi hivyo. Wanaomba mtoto wao asihesabiwe mtovu wa nidhamu kwa kutofunga mikono wakati wa sala.

Maikrofoni sokoni

Pahali ambapo shule na nyumba zimenyamaza, maikrofoni imeingia. Tangu miaka ya 1980, mihadhara ya kulinganisha dini imezunguka miji ya Afrika Mashariki. Kanda za Ahmed Deedat wa Durban, hasa mjadala wake na mhubiri Jimmy Swaggart huko Louisiana mwaka 1986, zilitazamwa kwa video Dar es Salaam, Mombasa na bara. Kitabu cha Kiswahili cha Ngariba na Kawemba, Uislamu katika Biblia, kilifundisha wahubiri wa mtaani kutumia aya za Biblia dhidi ya Wakristo. Wahubiri wa Kikristo wakajibu kwa kuisoma Qurani kwa namna hiyohiyo, wakichomoa kipande cha aya na kukirusha hadharani.

Nimewasikiliza wa pande zote mbili. Wana kumbukumbu kali na ulimi mwepesi, na wengi wanaamini kwa dhati wanachosema. Lakini mtu akisimama pale mchana kutwa, atakayoondoka nayo ni makosa ya wenziwe. Hataondoka na mtende wa Maryam wala na mtoto aliyemtetea mama yake.

Ujinga wa kutojua imani ya jirani umegharimu roho katika nchi hii. Novemba 2014, karibu na Mandera, magaidi waliteka basi, wakawatenga abiria kwa dini na kuwaua watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi makwao bara kwa likizo. Aprili 2, 2015, walifanya vivyo hivyo katika Chuo Kikuu cha Garissa. Waliouawa walikuwa 148. Lakini Desemba 21 mwaka huohuo, siku nne kabla ya Krismasi, basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Wanawake waliwafunika wenzao kwa mitandio yao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki Januari 2016. Walimu wa Meru na Embu wanaoomba kazi kaskazini wanalijua jina lake.

Historia ya kale ya dini hizi ina mfano wa majadiliano mengine, na haukutokea mbali na sisi. Takriban mwaka 615, Waislamu wa mwanzo waliokimbia mateso ya Makka walivuka bahari hadi Uhabeshi, Ethiopia ya leo, nchi inayopakana na Kenya. Mfalme wa Kikristo, Najashi, aliwauliza wanaamini nini. Ja'far bin Abi Talib ndiye aliyemjibu. Alimsomea mwanzo wa sura ya Maryam, na wanahistoria wa Kiislamu wanasema mfalme na maaskofu wake walilia. Alipoulizwa juu ya Masihi, Ja'far hakumficha tofauti; Najashi akaokota kijiti chini na kusema tofauti kati yake na walichokisema haizidi kijiti kile. Maaskofu walinung'unika, na walikuwa na sababu, maana Ja'far alikuwa amemwita Isa mja wa Mungu. Pamoja na hayo wakimbizi walikaa salama miaka mingi.

Mbuzi wa Krismasi

Vijijini, watu walishatafuta njia zao. Katika familia za Meru na Embu zenye dini mbili, mbuzi wa Krismasi huchinjwa na Muislamu wa ukoo, kwa taratibu zake, ili kila mtu ale. Hakuna anayeandika azimio. Nyanya anasema aitwe fulani, na fulani anakuja na kisu chake.

Masheikh hawakubaliani kama Muislamu anaweza kumtakia jirani yake Krismasi njema. Wapo wanaosema salamu hiyo ni kukubali kwamba Mungu amezaliwa, na wapo wanaoiona kama wema wa kawaida kwa jirani. Nimeona familia zikiiepuka kwa adabu: mgeni wa Kiislamu anafika baada ya ibada, anauliza hali za wazee, anakaa, anakula, na hakuna anayemlazimisha kutamka lolote.

Harusi ni ngumu zaidi. Fiqhi inamruhusu Muislamu mwanamume kumwoa Mkristo na haimruhusu Muislamu mwanamke kuolewa na Mkristo asiyesilimu. Wazazi wa Kikristo huona hapo mlango unaofunguka upande mmoja, na malalamiko yao hayana jibu la kuwaridhisha. Mazishi nayo huumiza: Muislamu huzikwa haraka, bila jeneza, ilhali ndugu zake Wakristo wangetaka wiki nzima ya maombi na mchango. Nyumba nyingi zimegombana juu ya mwili wa mzee aliyesilimu uzeeni.

Watoto wanayaona haya yote. Anayekua akijua kwamba mjomba wake anangoja Isa ashuke Damascus, na babu yake anangoja Yesu aje kuhukumu walio hai na wafu, ana maswali mazuri kuliko ya mhadhara wowote. Yanastahili mtu mzima wa kuyapokea bila kumkemea.

Viti kwenye bodi

Shule ina nafasi ya kuanzia, na haihitaji kesi. Sheria ya mwaka 2013 inaweka katika bodi ya usimamizi wazazi 6 waliochaguliwa, wawakilishi 3 wa mfadhili na kiti cha makundi maalumu ya jamii. Makanisa hujaza viti vyao vyote vitatu. Waislamu wa Meru na Embu hukaa pembeni, wakidhani shule ya misheni si yao, ilhali wanalipa karo ileile na watoto wao wanalala mabweni yaleyale.

Nadhani hilo ni kosa lao, na naliandika kwa heshima. Mzazi Muislamu wa Nkubu au Runyenjes anaweza kusimama kwenye mkutano mkuu wa wazazi na kugombea. Mambo ya kuwasilisha anayo: mwalimu mmoja wa IRE azungushwe katika shule kadhaa za kaunti ndogo, ustadhi aruhusiwe kuingia saa moja kwa wiki kama kasisi anavyoingia, maswali ya CRE yaandikwe kwa kutaja Luka anasema nini, ili mtoto ajibu habari za kitabu bila kuapa kwamba ndiyo imani yake. La mwisho hilo halihitaji hata shilingi, na mwalimu wa CRE anaweza kulianza katika mtihani wa muhula huu.